Kitabu cha Safari Kipimwe Babati

Ukitaka kujua kama kitabu cha mwongozo wa safari kinasema kweli, usianze na kurasa za Serengeti wala za Zanzibar. Huko hata mwandishi mvivu hapati nafasi kubwa ya kukosea. Wasomaji ni wengi, kampuni za utalii hukagua kila mstari, na kosa la bei au la njia hulalamikiwa hadi lirekebishwe. Fungua faharasa, tafuta Babati. Utapata nusu ukurasa, au ukurasa mzima wenye kiramani kama una bahati. Hapo ndipo mwandishi alipokuwa peke yake, akijua fika kwamba ni wachache watakaomsuta. Msome hapo.

Mji wenyewe unafaa kwa kazi hii. Barabara kuu inayotoka Arusha ikifika Babati inagawanyika: mkono mmoja unakwenda Singida na Kanda ya Ziwa, mwingine unashuka Kondoa hadi Dodoma. Kila mtu hupita, wachache hulala. Hata Ernest Hemingway, aliyewinda pande hizi kati ya 1933 na 1934, aliitaja Babati katika Green Hills of Africa, kitabu kilichotoka 1935, akaendelea na safari zake. Tangu hapo sura ya mji vitabuni haijabadilika sana: ziwa lenye viboko, Mlima Kwaraa kwa nyuma, mahali pa kunyoosha miguu kabla ya kuendelea. Wala si uongo. Lakini habari inaweza kuwa ya kweli na isimsaidie mtu aliyeshuka stendi saa mbili usiku akiwa na begi mgongoni. Anayepima kitabu cha safari hana budi kuuliza maswali mawili, la ukweli na la manufaa, na wahakiki wengi huuliza moja tu.

Tuanze na hilo la ukweli, kwa kuwa lenyewe si moja. Habari za kitabu cha safari hazichakai kwa kasi sawa; ziko makundi matatu. Kwaraa una mita 2,415 na Mlima Hanang una mita 3,417, na hazitabadilika katika maisha yetu. Tarangire ni hifadhi ya taifa tangu 1970, ina kilomita za mraba 2,850. Takwimu za aina hii hujaza kurasa na kumpa msomaji imani, ilhali hazithibitishi chochote, maana mtu anaweza kuzinakili akiwa London bila kukanyaga vumbi la Magugu. Idadi ya watu nayo ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba ina tarehe ya kufa. Sensa ya 2012 iliupa Mkoa wa Manyara watu 1,425,131, na ile ya 2022 ikaupa 1,892,502. Kitabu kinachotaja namba bila kutaja sensa kimekwisha kukuonyesha tabia yake.

Kundi la pili ni mambo yanayobadilika mara moja kwa miaka kumi au ishirini, na hapa ndipo vitabu vingi huanguka bila kujua. Hadi 2002 Babati ilikuwa mji wa wilaya ndani ya Mkoa wa Arusha. Mwaka huo ukazaliwa Mkoa wa Manyara, Babati ikawa makao makuu, na mkanganyiko ukazaliwa pamoja nao. Mgeni anasikia Manyara, anafikiri ndiyo hifadhi ya simba wapandao miti. Geti kuu la Hifadhi ya Ziwa Manyara liko Mto wa Mbu, mkoani Arusha, wakati geti kuu la Tarangire ndilo lililo upande wa Manyara. Sentensi moja ingemwokoa mtu na nauli ya bure. Mwandishi anayejua nchi huiandika. Anayejua ramani tu haoni haja.

Barabara ndizo zilizovitesa vitabu zaidi. Lami ya kutoka Minjingu kupita Babati hadi Singida ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kabla ya hapo safari ya Arusha ilihesabiwa kwa vumbi na pancha. Kisha Aprili 2018 Rais Magufuli akafungua barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251. Hapo jiografia nzima ya mji ikageuka. Mji uliokuwa unaingiwa kwa raha kutoka Arusha na Singida tu ukapata mlango wa kusini. Na tangu treni ya reli ya kisasa (SGR) izinduliwe rasmi hadi Dodoma, 1 Agosti 2024, mtu wa Dar es Salaam anaweza kushuka Dodoma na kupanda basi la Babati bila kuiona Chalinze wala Moshi. Hakuna kitabu kilichochapishwa kabla ya hapo kinachoweza kumshauri njia hiyo, hata kiwe kimeandikwa kwa uaminifu kiasi gani.

Angalia michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Kijiji cha Kolo, ambako wageni huanzia, kiko kwenye barabara hiyohiyo ya Babati na Kondoa. Enzi za barabara ya udongo ilikuwa haki kumwonya msomaji kwamba Kolo ni safari ya kujipanga, yenye gari la kupanda milima na akiba ya muda. Leo basi linakushusha Kolo kwenye lami. Je, onyo la zamani limekuwa uongo? Nusu yake. Miamba yenyewe haiko kando ya lami. Iko milimani, njia za kufikia baadhi yake bado ni za mawe na makorongo, na bila mwenyeji wa kukuongoza utazunguka vichakani ukitazama mawe matupu. Msomaji mwerevu wa kitabu cha zamani hufanya upasuaji wa namna hii: anatupa sehemu inayohusu barabara, anabaki na ile inayohusu kilima.

Kundi la tatu hufa haraka: bei, saa za magari, masharti ya malipo. Julai 2016 huduma za utalii nchini zilianza kutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na kwa siku moja kila kitabu kilichokuwa madukani kikawa na viingilio vya uongo. Mwandishi hakuwa na kosa. Vivyo hivyo 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku: kitabu kilichomshauri msafiri afunge nguo zake kwenye mifuko hiyo ili vumbi lisiingie kikawa kinamshauri kuvunja sheria. Mambo ya namna hii hayapaswi kutumiwa kuhukumu kitabu kizima. Ya kuhukumiwa ni kama mwandishi alionyesha kwamba alijua yatakufa. Aliweka mwaka pembeni ya bei? Alitofautisha kiingilio cha Mtanzania, kinacholipwa kwa shilingi, na kile cha mgeni, kinachotajwa kwa dola? Au aliandika namba tupu kana kwamba imechongwa kwenye jiwe?

Kumbuka pia kwamba mwaka ulio kwenye jalada si mwaka wa habari. Mwandishi husafiri, huandika, mhariri hukata, ramani huchorwa, kitabu huchapishwa na kusafirishwa. Kinapofika dukani habari zake zina mwaka au zaidi. Halafu toleo hukaa sokoni miaka mitatu au minne. Mgeni anayekishika Babati kikiwa bado kinanukia wino anasoma mji wa zamani kidogo, naye hana habari.

Kuna sehemu moja duniani ambako kazi ya kupima vitabu vya namna hii imefika mbali kuliko kwingine, na inachekesha kidogo kwamba ni kwenye bustani za burudani. Walt Disney World ilifunguliwa Florida Oktoba 1971. Ndani ya geti lake kila kitu ni cha kupangwa: kiingilio, saa, njia, foleni. Tangu miaka ya 1980 Bob Sehlinger na wenzake wamekuwa wakitoa The Unofficial Guide to Walt Disney World, na ubishi wao ni mmoja: kwamba foleni inaweza kuhesabiwa. Watu wao wanasimama na saa mkononi, wanaandika mgeni alingoja dakika ngapi kwenye kila mchezo, kisha wanapanga utaratibu wa kutembelea bustani na kuwatuma watu wengine waujaribu. Kitabu kikisema ukianza na mchezo fulani asubuhi utaokoa muda, kauli hiyo inaweza kupimwa ikaonekana ni kweli au si kweli. Ni vitabu vichache vya safari vinavyokubali kujiweka kwenye hatari hiyo.

Lakini hata hao walipigwa na wakati. Mwaka 1999 Disney ilianzisha FastPass, tiketi ya bure ya kuruka foleni, na kurasa nyingi zikaandikwa kumfundisha msomaji namna ya kuitumia. Mwaka 2021 ikafutwa, ikaletwa huduma ya kulipia, na hiyo nayo ikabadilishwa jina na masharti 2024. Kadiri kitabu kilivyokuwa mahususi, ndivyo kilivyokufa vibaya. Kando yake kuna kitabu cha Birnbaum, ambacho ndicho rasmi, hutolewa kwa ushirikiano na Disney yenyewe. Cha rasmi hupata habari za mabadiliko mapema, ila usitegemee kikwambie kwamba mgahawa fulani ni wa ghali na chakula chake ni kibaya. Usahihi wa mwenye mali na usahihi wa mpitaji ni vitu viwili.

Hapa kwetu, karibu na Babati, kinachofanana zaidi na bustani ya namna hiyo ni Tarangire. Ina geti, ina kiingilio, ina saa za kuingia na kutoka, ina barabara ambazo huruhusiwi kuziacha. Kwa sehemu hiyo kitabu kinaweza kukaguliwa kama kile cha Florida. Tatizo ni kwamba tembo hana ratiba. Kwa hiyo ukisoma kurasa za Tarangire, kagua vitenzi. Mwandishi anayekuambia "utaona" anauza. Anayekuambia "huonekana" ameshakaa ndani ya gari saa nzima akitazama mibuyu mitupu. Na aliye bora kuliko wote wawili hukupa sababu. Vitabu karibu vyote vitakuambia uende kati ya Juni au Julai na Oktoba. Sababu ni kwamba wakati wa kiangazi Mto Tarangire hubaki tegemeo la maji katika eneo kubwa, wanyama hukusanyika. Mvua zikinyesha, pundamilia na nyumbu hutawanyika hadi nyanda za Simanjiro. Msomaji aliyepewa miezi peke yake ataumbuka mwaka ambao mvua zimechelewa au zimewahi. Aliyepewa sababu atapiga simu kuuliza kama mvua imeanza, na atajua afanye nini na jibu. Sababu huishi kuliko tarehe, na kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo kikubwa cha manufaa kwenye kitabu chochote cha safari.

Kisha kuna mbung'o. Tarangire ina mbung'o, wengine huwaita ndorobo, na wanapenda nguo za bluu iliyokolea na nyeusi. Kipeperushi cha kuvutia wageni hakina haraka ya kuanza na habari hiyo. Kitabu cha mpitaji kinapaswa kuwa nayo, tena mapema, kabla mtu hajafungasha nguo.

Je, ni lazima mwandishi awe amefika? Swali hili lililipuka 2008, pale Thomas Kohnstamm, mmoja wa waandishi wa Lonely Planet, alipotoa kitabu chake akikiri mbinu zake za kazi, na ikajulikana kwamba alishiriki kuandika kitabu cha Colombia bila kwenda Colombia. Sehemu yake, ilielezwa, ilikuwa historia, siyo hoteli. Kampuni ikapitia vitabu alivyochangia na kusema haikukuta makosa. Wengi walilichukulia jibu hilo kama kujitetea. Mimi naliona linafundisha zaidi ya hivyo: mtu anaweza kuandika kurasa zisizo na kosa hata moja kuhusu mahali asipopajua, mradi achague ya kuandika. Urefu wa milima, mwaka wa kuanzishwa kwa mkoa, majina ya makabila, umbali kutoka Arusha. Yote sahihi, na msafiri bado hana pa kushika.

Kwa hiyo kwenye ukurasa wa Babati natafuta yale yasiyonakilika. Gari la mwisho la kurudi kutoka Katesh, chini ya Mlima Hanang, huondoka muda gani, na likikuacha utalala wapi. Ukitaka mtumbwi wa kwenda kuwaona viboko unazungumza na nani ufukweni, na mnapatana bei kabla ya kupanda. Kwamba viboko hao hutoka majini jua likizama kwenda kula majani na mazao ya watu, hivyo matembezi ya jioni kando ya ziwa, yanayosifiwa kwa mandhari, ni hatari kuliko mamba wa kwenye filamu. Mchele wa Magugu unapikwa wapi vizuri. Kiramani nacho husema mengi: kama njia panda ya Singida imechorwa mahali pake, mchoraji alipewa maelezo na mtu aliyesimama pale. Philip Briggs wa vitabu vya Bradt na Jens Finke aliyeandika Rough Guide ya Tanzania ni miongoni mwa wachache walioipa mikoa hii ya kati nafasi ya kueleweka, na ukiwasoma unaona jinsi ukaguzi wa miguu unavyotofautiana na ule wa mezani.

Kuhusu rushwa na ukarimu, sitakaa sana. Hoteli za kifahari za ndani na pembezoni mwa Tarangire zina uwezo wa kumlaza mwandishi bure, na sifa zikizidi msomaji ana haki ya kuuliza nani alilipa. Gesti ya Babati haina cha kumhonga mtu zaidi ya chai ya rangi. Upotofu wa kurasa za mji mdogo hutokana na haraka, na dalili yake ni gesti ileile kutajwa toleo baada ya toleo, hata baada ya kubadili mmiliki.

Lipo kosa jingine lisilokuwa na sentensi moja ya kuisuta. Ukisoma vitabu vingi utadhani wilaya hizi zinakaliwa na Wabarabaig wenye mavazi ya ngozi, na kule mbele Wahadzabe wenye pinde. Wapo, na maisha yao ni ya kweli. Ila Babati ni mji wa Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe na watu waliokuja kwa ualimu, kilimo, biashara ya mahindi na bajaji, na hao hawapigwi picha. Hakuna mstari wa uongo, uwiano ndio wa uongo. Mgeni anafika stendi, anamkuta kijana anayeuza vocha, anaona amekosa "Afrika ya kweli" aliyoahidiwa ukurasa wa mbele, anaondoka mapema. Wahakiki hawana alama ya kosa hili kwa sababu wamezoea kuhesabu namba za simu zilizokosewa.

Na kuna yanayotokea ambayo hakuna uaminifu wa kuyatangulia. Hanang, mlima wa Katesh, usio mbali na Babati, husifiwa vitabuni kama mlima wa kupanda na kushuka siku moja ndefu kwa asiye na fedha za Kilimanjaro. Njia inayotajwa sana hupewa jina la Jorodom. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani, vikaifunika sehemu ya Katesh na vitongoji vyake, Jorodom ikiwemo, na watu zaidi ya 80 wakafa. Kitabu cha kabla ya siku hiyo kikimwelekeza mtu "anzia Jorodom" kinamtuma kwenye uwanja wa msiba kwa sauti ya furaha. Mlima sasa ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na mtu wa kuulizwa habari za njia ni ofisa wao Katesh. Kitabu kilichozoea kumpa msomaji wake mahali pa kuuliza, badala ya majibu tu, kimezeeka kwa heshima zaidi hapa.

Wengine watasema simu imemaliza mjadala. Aprili 2020 Lonely Planet ilifunga ofisi zake za Melbourne na London, na ilionekana kama mazishi ya tasnia nzima. Simu ina habari za leo asubuhi, ni kweli. Lakini habari mpya si lazima iwe sahihi: alama ya gesti kwenye ramani ya simu inaweza kubaki miaka baada ya gesti kufungwa, na sifa za nyota tano huandikwa na shemeji wa mwenye nyumba. Hakuna mhariri wa kuulizwa. Kitabu angalau kina jina la mtu kwenye jalada.

Hadi hapa nimemzungumzia mgeni, kwa sababu vitabu vyenyewe vinamzungumzia yeye. Chukua familia ya Dodoma yenye Noah na watoto watatu, inataka kuiona Tarangire siku ya sikukuu. Maswali yao ni mengine kabisa. Noah itapita njia zipi msimu wa mvua? Malipo yanafanyikaje, maana kwenda getini na bulungutu la noti si utaratibu wa siku hizi? Chakula cha kutoka nyumbani kinaliwa wapi bila nyani kukigawana? Tukichelewa, tulale Babati au turudi? Kitabu cha Kiingereza cha kurasa mia sita, sahihi kila mstari, hakijibu hata moja, kwa kuwa kiliandikwa kwa mtu aliyeshuka Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) na kupokewa na dereva wa Land Cruiser. Kwa familia hiyo kitabu ni sahihi na hakifai.

Cha Kiswahili cha kujibu maswali hayo hakionekani madukani, na sababu ni hesabu. Kitabu cha nchi nzima ni ghali kuchapa, kinahitaji waandishi wanaosafiri, na msomaji wetu hatatoa bei ya nauli ya Arusha kwa kitabu atakachokitumia siku mbili. Kijitabu cha mkoa mmoja ni jambo jingine. Kurasa arobaini za Manyara, kila bei na mwaka wake, kila njia na jina la ofisi ya kuuliza kabla ya kuondoka, kichapwe upya kila kiangazi na kuuzwa stendi pamoja na karanga na maji. Halmashauri na wenye mabasi wana maslahi ya kutosha kukigharamia, mradi wasipewe kalamu ya kuhariri ukurasa wa gesti.